Mwaka Wangu wa Kwanza Darasa la Tano

Kwa Fundi, mlango wa bluu,
karibu na duka la vifungo.
Jumapili mchana, tarehe 14.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu zitangulie, habari zitafuata nyuma zikiwa na vumbi lake. Hujambo wewe? Mgongo umepona, au bado unainua wagonjwa kama magunia? Waambie hospitalini kwamba hata cherehani hutiwa mafuta. Shemeji naye, goti lake linaendeleaje? Na mapacha, meno ya mbele yameshaota, au bado wanatema mate kila wakisema "sasa"? Sisi huku wazima. Wifi yako ana afya ya kutosha kunisahihisha hata kabla sijaandika. Mimi nina kikohozi kidogo cha pamba, ambacho kwa fundi si ugonjwa, ni cheti.

Barua yako niliipata Jumanne. Unasema mapacha wanaingia darasa la tano mwakani, nawe unataka kujua familia ijiandae na nini, kwa kuwa mwanangu, Wakili wetu, anamaliza mwaka huo sasa hivi. Nimecheka peke yangu mpaka mteja akadhani nacheka kiuno chake. Ndugu yangu, kati ya watu wote umeniuliza mimi, ambaye unajua vizuri nilikoishia!

Unajua, marehemu mama alijua, na Mungu anajua: niliishia la nne, nikapelekwa kushika sindano. Lakini wifi yako nilimwambia nimemaliza la saba. Nilikuwa naposa, na mtu anayeposa huongeza madarasa mawili matatu kama anavyoongeza shati jipya. Kisha mtoto akazaliwa, akakua, akauliza, nikamwambia yale yale. Uongo nao una tabia ya kudai vifungo, kwa hiyo nikamwambia kwamba darasa la tano nilikuwa wa pili, na ningekuwa wa kwanza kama wa kwanza asingekuwa mtoto wa mwalimu. Wewe uliniandikia mwaka juzi: "Kaka, mwambie mtoto." Nikaikunja barua yako nikaitia kwenye kopo la vifungo.

Sasa nikueleze utakayoyaona.

Kwanza begi. Litakuwa zito kuliko mtoto. Usijaribu kulipunguza, kwa sababu kila kitu ndani yake kinahitajika siku hiyo hiyo, isipokuwa kile kinachohitajika kweli, ambacho kimebaki nyumbani chini ya kitanda.

Pili, kusindikiza. Mtoto wa la nne anakushika mkono mpaka getini. Wa la tano anakuacha kwenye kona. Wiki ya kwanza tu tulifika pale kwa fundi viatu, Wakili akasimama.

"Baba, ishia hapa."

"Geti si lile pale?"

"Naliona. Hapa panatosha."

Nikabaki nimesimama pale na mkono wangu usio na kazi, mpaka fundi viatu akanionea huruma akanisogezea kigoda. Tangu siku hiyo kila asubuhi naketi pale dakika tano. Wazazi wa darasa la tano tuko wanne kwenye kile kigoda, kwa zamu.

Tatu, mwalimu. Mwalimu wao wa darasa watoto wanamwita Rula, kwa sababu amenyooka kila upande: mgongo, sauti na maneno. Si mkali, ila hajipindi. Ukisikia "mwalimu amesema," weka silaha chini. Mwalimu amesema tusiongee mdomoni mna chakula. Mwalimu amesema maji ya kunywa yafunikwe. Mwalimu amesema mtu mzima anahitaji saa nane za usingizi, na kwa hiyo kukoroma kwangu Jumapili mchana sasa kuna ushahidi wa kitaalamu. Wifi yako ameanza kuitumia hata yeye: "Mwalimu amesema uoshe kikombe chako." Nilipouliza ni lini mwalimu alisema, akajibu, "Atasema."

Sare nazo. Mimi mwenyewe nilimshonea, nikaacha pindo la sentimita nane nikijiona mjanja. Nililishusha mara tatu, na muhula wa pili ulipofika katikati nilikuwa nimebaki na uzi tu. Wa kwako ni wawili, kwa hiyo nitumie vipimo mapema, halafu ongeza kiganja kimoja kwa kila kipimo.

Jiandae pia na kazi za kikundi. Watoto wanne wanapewa kazi moja: mmoja anaamuru, mmoja anashika gundi, mmoja anaumwa tumbo, na wa nne ana baba fundi. Walitakiwa watengeneze mfano wa moyo wa binadamu. Nikaushona kwa kitambaa cha bitana chekundu, vyumba vinne, mishipa ya utepe, zipu pembeni ili ufunguke waone ndani. Kazi ya kupendeza, mdogo wangu, ungeweza kuivaa. Mwalimu Rula akawapa tisa kwa kumi, na chini akaandika: "Moyo hauna mfuko." Kweli nilikuwa nimeweka mfuko. Mkono una mazoea yake.

Halafu kuna somo la mabadiliko ya mwili, nalo halipigi hodi. Wakili alirudi siku hiyo moja kwa moja kibandani kwangu na daftari wazi, wakati nampima suruali bwana mmoja mnene mwenye heshima zake. Akatueleza yote, kwa mpangilio, na michoro. Yule bwana alisimama wima kama kabati, mikono juu, hawezi kuondoka kwa sababu nimempiga pini kila mahali. Wakili alipomaliza akatuuliza kama tuna swali. Bwana akasema, kwa sauti ndogo, "Hapana, mwanangu, tumeelewa." Suruali ile hakuja kuichukua mwenyewe. Alimtuma mkewe.

Sasa nije kwenye lenyewe, yaani kazi ya nyumbani.

Kuna daftari linaitwa la mawasiliano. Kila siku mzazi anakagua kazi ya mtoto, anaandika maoni na kutia sahihi. Nilidhani wifi yako atalibeba hilo, lakini siku ya kwanza tu alimwambia mtoto, bila hata kuinua macho, "Mpelekee baba yako. Yeye ndiye wa la saba." Basi kila siku, shule ikitoka, Wakili anakuja kibandani, anakaa upande wa pili wa meza ya kukatia, na anafungua.

Mwezi wa kwanza nilitamba, kwa sababu walikuwa wanarudia ya la nne. Mwezi wa pili zikaja sehemu. Nilizitazama zile namba zilizopandiana mabegani, nikaligeuza daftari juu chini. "Baba, hii inafanywaje?" Nikashika kidevu. Nikanyamaza kama mtu anayejua mengi mpaka anashindwa kuchagua. Kisha nikasema, "Wewe unaonaje?"

Akaeleza anavyoona. Nikatikisa kichwa. Akajisahihisha mwenyewe. Nikasema, "Una hakika?" Akasahihisha tena, akapata. Nikaandika kwenye daftari: "Kazi imekaa vizuri." Nikatia sahihi kwa mkunjo.

Kwa njia hiyo tulipita sehemu, tukapita maeneo, tukaingia pembetatu. Nikanunua kitabu chakavu cha hesabu, nikakificha chini ya vitambaa, na mchana wateja wakipungua nilikuwa nasoma nikimtangulia Wakili ukurasa mmoja. Mimi niliyemkimbia mwalimu kwa miguu sasa nilikuwa namkimbiza kwa kitabu. Mkutano wa wazazi ulipofika, Mwalimu Rula akasimama akasema kuna mzazi mmoja humu ana mbinu nzuri ya kufundisha: hatoi jibu, humwuliza mtoto mpaka mtoto agundue. Wakanipigia makofi. Karani wa mlango wa pili akainamia kijitabu chake akaandika ile mbinu. Nikapokea makofi kwa unyenyekevu ambao, kwa mara ya kwanza maishani, ulikuwa wa kweli.

Huyo karani ndiye aliyekuwa hofu yangu. Amesoma mpaka chuo, kalamu tatu mfukoni, na mlango wake ni hatua kumi na moja kutoka kwangu. Aibu sikuiogopa. Mimi nashonea watu wanaoapa kwamba suruali ndiyo iliyopungua. Nilichoogopa ni kimoja: siku Wakili atakapojua kwamba nabahatisha, atalichukua daftari lake, atazipiga zile hatua kumi na moja, na upande wa pili wa meza yangu utabaki na vitambaa tu. Alikuwa ameshaniacha kwenye kona. Meza ndiyo iliyokuwa imenibakia.

Kilichonifikisha huko, utacheka, ni mshono.

Swali lilikuwa hili: fundi ana kitambaa cha mita tatu, anakikata vipande vinne vilivyo sawa, je, kila kipande kina urefu gani? Hapo, ndugu yangu, sikumwuliza mtu anaonaje. Hapo nilikuwa nyumbani kwangu. Nikamwambia, sabini na tano ukikata, lakini kila upande mshono unakula sentimita moja, kwa hiyo andika sabini na tatu. Akaandika. Jibu likarudi na mkasi mwekundu wa kukosa juu yake.

Niliudhika kama mtu aliyetukanwa kazini kwake. Nikaandika kwenye daftari la mawasiliano: "Mwalimu, jibu lako halivaliki."

Kesho yake likarudi, mwandiko umenyooka: "Mzazi, swali halikusema anashona."

Nikaandika: "Kwani fundi anakata kitambaa ili akitazame?"

Wakili alikuwa anabeba daftari lile kama mjumbe wa vita, na kama mjumbe yeyote anasoma njiani. Siku ya tatu alikuja anakimbia. Mwalimu ameandika: "Njoo uwaeleze darasani. Alhamisi, kipindi cha tatu."

Siku nne nilikosa hamu ya kula. Wifi yako akanipigia pasi shati na kusema neno moja tu: "Usipeleke mikono mifukoni."

Nikaenda. Kona ile nikaivuka, fundi viatu akanipungia nyundo. Watoto arobaini na sita, mdogo wangu, na wote wana macho. Wakili alikuwa safu ya tatu, shingo imerefuka kama mwenye sherehe. Nilikuwa nimebeba mita tatu za kitambaa cheupe, futi, chaki na mkasi. Nikawapa wapime wenyewe. Wakakata vipande vinne. Nikakunja mshono mbele yao, wakapima tena: sabini na tatu. Kelele ilivyopanda! Nikawauliza wanaonaje. Mikono arobaini na sita. Mmoja akasema mwalimu amekosea, mwingine akasema swali ndilo lililokosea. Mwalimu Rula akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mimi na yeye sote wawili tuko sawa: sabini na tano ni jibu la mkasi, sabini na tatu ni jibu la sindano, na kuanzia leo swali litasema ni lipi linatakiwa. Nilitaka kumshonea gauni papo hapo.

Ningeondoka wakati huo, leo ningekuwa nakuandikia barua fupi. Lakini akaniambia ningoje, watoto waulize. Msichana mmoja wa safu ya mbele akasimama.

"Fundi, na wewe darasa la tano ulikuwa wa ngapi?"

Sikuwahi kufungua mdomo. Wakili alijibu kutoka kwenye dawati lake, sauti imejaa: "Wa pili! Wa kwanza alikuwa mtoto wa mwalimu!"

Wakapiga makofi. Arobaini na tano wanampigia makofi mtu ambaye hajawahi kuwepo, na wa arobaini na sita anapiga kuliko wote.

Wewe unajua kazi yetu. Unaweza kumpa mteja nguo yenye mshono mbovu ndani, asijue, akakusifu njia nzima. Lakini kila nguo ile ikipita barabarani wewe unaiona, hata ukiwa umeinama unatunga uzi. Nilijua kwamba nikiyapokea makofi yale, nitakuwa nauona mshono ule kila siku, upande wa pili wa meza.

Nikasema, "Si kweli. Mimi niliishia la nne. La tano nimeingia leo kwa mara ya kwanza."

Darasa likaangua kicheko, wakidhani ni utani wa fundi. Hata Mwalimu Rula alitabasamu, kisha akaacha kutabasamu. Ni mmoja tu ambaye hakucheka hata kidogo.

Shule ilipotoka alinikuta namngojea pale kwenye kona. Hakuniambia niishie hapo wala nisiishie. Tulitembea, begi mgongoni mwake, kitambaa begani kwangu. Karibu na duka la vifungo ndipo akasema, bila kunitazama:

"Kwa hiyo ulipokuwa unaniuliza 'wewe unaonaje,' ulikuwa unauliza kweli?"

"Kweli kabisa."

"Na 'una hakika?'"

"Hiyo ndiyo nilikuwa naitaka zaidi. Mimi sikuwa nayo."

Akaingia nyumbani, akafunga mlango polepole, kwa heshima. Afadhali angeubamiza.

Nikaona heri niteremshe mzigo wote mara moja. Nikamfuata wifi yako kwenye kamba ya nguo, nikajikohoza, nikamwambia kwamba kuhusu lile la saba kuna marekebisho kidogo. Akaendelea kuanua.

"Uliishia la nne," akasema. "Mama yako aliniambia kabla sijakubali posa."

"Miaka kumi na tatu unajua?"

"Nilikuwa nangoja uchoke."

"Na hesabu ulikuwa unazileta kwangu za nini?"

Akanitupia shuka nishike ncha ya pili. "Nilitaka kuona utafika wapi. Umefika pembetatu. Si haba."

Ijumaa Wakili hakuja kibandani. Jumatatu nilimwona kwa dirisha akipita na daftari kifuani. Hatua kumi na moja nilizihesabu mwenyewe. Sauti ya karani ilisikika mpaka kwangu, ikieleza, ikieleza, safi kama redio. Jumanne hivyo hivyo. Alirudi mapema, kazi imekamilika yote, daftari limetiwa sahihi ya kalamu mbili. Nilitoboa kidole mara mbili siku hiyo, mimi ambaye tangu mapacha wazaliwe sijajitoboa.

Jumatano nilikuwa nimekata koti, meza imejaa, chaki kila mahali. Nikasikia begi linatua chini. Nilipoinua kichwa alikuwa amesimama upande wa pili, uso umekunjwa kwa namna ya kwake.

"Karani amesafiri?" nikauliza.

"Yupo."

"Sasa?"

"Anajua mno. Nikianza tu kusema, ameshamaliza." Akasukuma koti la watu pembeni, akaweka daftari. "Kesho tunaanza desimali. Mwalimu amesema ni ngumu, na mimi sizijui."

"Hata mimi sizijui," nikasema.

Hakukaa upande wake. Alizunguka meza akaja upande wangu wenye kigoda kimoja.

"Basi sogea," akasema.

Nikasogea.

Ndugu yangu, nisalimie shemeji, mwambie goti asilipe mapumziko yote linayoyaomba. Wasalimie mapacha na uwaambie mjomba wao anawapenda sawasawa, nao wasipime. Wifi yako anakusalimu na anasema umtumie ile dawa ya mgongo, si kwa ajili yake. Shangazi mkubwa anasalimu, bado anamwita kila mtu kwa jina la mwingine. Wakili anasema shikamoo, na anauliza kwa nini barua ya mtu mzima ina makosa mengi hivi.

Mungu akulinde katika zamu zako, akupe wagonjwa wepesi na watoto wasiokulaza macho. Aibariki nyumba yako na kila atakayevuka kizingiti chake, hata yule atakayetumwa na shule.

Ndimi, kwa mapenzi ambayo hayakuhitaji darasa,
kaka yako,
Fundi.